Websaiti ya duka la leso na simu ya mteja

Wenye biashara wa hapa Mombasa wakinipigia simu niwatengenezee websaiti zao swali lao huwa moja, mbona nikijitafuta Google sijioni, na kabla sijajibu mtu ashanambia anachotaka, nimjazie maneno kwenye ukurasa, leso Mombasa leso bei nafuu leso Kenya, mistari kumi ya hivyo hivyo, eti ndivyo alivyoambiwa na kijana fulani. Mimi huwa namuuliza kwanza, hio websaiti yako wewe huifungulia wapi? Na jibu karibu siku zote ni dukani, kwa kompyuta ya meza, kwa waifai. Basi hapo ndipo ninapoanzia, manake mteja wake hayuko dukani. Mteja yuko ndani ya matatu ya Bamburi kabanwa dirishani, yuko Likoni angojea feri, bando lake ni la saa moja, simu yake ni itel ama Tecno ya zamani kidogo, nafasi imejaa picha za harusi na sauti za WhatsApp, na jua lapiga moja kwa moja kwenye kioo. Huyo ndiye anayekutafuta, na huyo ndiye Google inampima pia, jambo ambalo wengi hawalijui.

Ntaeleza kwa websaiti moja tu, ya duka la leso, zile kanga, Biashara Street, manake kwa hio niliyaona mambo yote yamekutana pamoja. Jina la duka nalihifadhi, mwenyewe hataki kutajwa, na aliyeitengeneza mwanzo pia simtaji.

Kwanza hili la kupima tuelewane, manake hapa ndipo watu wanapoliwa pesa zao. Kuna vipimo vya aina mbili. Kimoja ni kile unachokiendesha mwenyewe, unaingia PageSpeed Insights ya Google, unaandika anwani yako, inakupa namba hadi 100 na rangi zake, kijani, chungwa, nyekundu. Ile namba inatoka kwenye mtambo unaojifanya simu, si mtu. Cha pili kinatoka kwa watu wenyewe, wale wanaotumia Chrome na wamekubali kutuma habari za matumizi yao, kila wakifungua ukurasa wako muda unarekodiwa, na Google inajumlisha siku 28 za nyuma. Hio ya pili ndio inayoingia kwenye hesabu ya kupanga matokeo, si ile namba ya 100. Tena Chrome ya kwenye iPhone haimo kabisa kwenye mkusanyo huo, kwa hivyo bosi na iPhone yake aweza kufungua websaiti kutwa kucha na asihesabiwe, na yule mteja wa Likoni na itel yake anahesabiwa.

Vinavyopimwa ni vitatu, vyote pamoja vinaitwa Core Web Vitals, viliingizwa kwenye kupanga matokeo mwaka 2021. LCP ni muda unaopita mpaka kile kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kionekane, mara nyingi ni picha ya juu, wanataka usizidi sekunde 2.5. CLS ni vile vitu vinavyohamahama wakati ukurasa unafunguka, isizidi 0.1. INP ni ukigusa kitu, inachukua muda gani mpaka kioo kionyeshe kimekusikia, isizidi milisekunde 200, na hii ni mgeni, imeingia Machi 2024 ikachukua mahali pa FID iliyokuwa yapima mguso wa kwanza peke yake. Na hawachukui wastani jamani, hili watu hulisahau. Wanawapanga wote waliofungua kuanzia wa haraka hadi wa polepole kisha wanamtazama aliye nafasi ya 75 kati ya 100. Kwa hivyo wanaopata tabu wakizidi robo, ushafeli, hata hao waliobaki wote wawe na simu za laki.

Sasa kwa duka letu hata hizo data za watu hazikuwepo, wageni walikuwa wachache mno, Google yaandika tu hakuna data ya kutosha. Websaiti nyingi ndogo za huku kwetu ziko hivyo. Ukiwa hali hio dawa ni kutazama kwa macho yako, kwa hivyo nikaenda nikakaa kwenye benchi la nje ya duka nikangoja mteja.

Akaja mama mmoja wa makamo, ana harusi ya mpwawe, ataka leso za sare, jozi nyingi za jina moja. Nikamwambia, masalkheri shangazi, hebu nisaidie kitu kidogo, itafute hio leso kwa simu yako kwenye websaiti ya duka, mimi nitazame tu sisemi neno. Akakubali, nikamrushia bando nisije nikamlia lake. Akafungua. Kioo cheupe. Akangoja, bado cheupe, akaniangalia. Kisha ikaja menyu, chini yake nafasi tupu, akaanza kushuka na kidole, picha ya juu ikaingia kwa nguvu ikasukuma kila kitu chini, akapotea, akarudi. Mwisho akaiona anayoitaka, nusu imeshafunguka nusu ni kijivu, akanyoosha kidole agonge "Uliza bei", na kidole kikiwa hewani popapu la karibu jiandikishe upate ofa likadondoka likafunika kioo kizima, akagonga hilo, likamfungulia fomu ya barua pepe. Akatafuta kialama cha kufunga, kidogo mno, kiko pembeni kabisa. "Mwanangu, hii yanichezea shere," akanambia, akairudisha simu mkobani akaingia dukani akaulizia kwa mdomo.

LCP na CLS zote mbili niliziona kwenye kidole chake, na tangu siku hio mteja yeyote anayetaka kazi namwambia kabla sijagusa kitu tumtafute mtu wa kutumia, simu iwe ya kwake, sisi tukae kimya. Ukimsaidia tu hata kwa neno moja ushaharibu.

Nikaanza na picha. Leso haiuziki bila picha, mnunuzi ataka kuuona mji, ile sehemu ya kati, ataka kuona pindo limekaaje, na ataka kulisoma jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso, jina lisipomgusa hanunui hata rangi iwe nzuri vipi. Picha zilipigwa na mtu anayejua kazi, kamera nzuri, lakini zikapandishwa vile vile zilivyotoka kamerani, upana pikseli 6000, megabaiti kadhaa kila moja, halafu kwenye ukurasa zimepangwa mbili mbili, kwenye simu ambayo kioo chake kizima ni pikseli 720 kwa upana. Yaani mteja anashusha mzigo wote ule kwa bando lake alilonunua shilingi 20, kisha simu inaufinya mpaka uenee kwenye nusu ya kioo. Hili mimi laniudhi kuliko hata mambo ya nafasi kwenye Google, ni pesa ya mtu inaliwa hivi hivi na mwenyewe hajui.

Kwa hivyo nikatengeneza kila picha kwa saizi nne, nikaiachia brauza ichague inayotosha kioo cha simu iliyopo, HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa, ina njia yake ya kufanya hivyo, inaitwa srcset, wala haitaki plagini, yaani programu ya kuongezea. Na kwenye kila picha nikaandika upana na urefu wake. Hilo peke yake, namba mbili tu, ndio lililozuia kule kusukumana, manake brauza inajua mapema itenge nafasi kiasi gani, picha ikifika inakuta pake. Ukitaka kazi moja rahisi ya kuanzia leo hii anza na hio.

Kisha nikazigeuza kuwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, ushauri wa kila mtu na ni ushauri mzuri, faili zinapungua sana. Hapa ndipo tulipokwama na mzee mwenye duka. WebP ile ya kubana inahifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi inahifadhi kwa kila kundi la pikseli nne, na kwa picha ya sura au ya bahari jicho halioni tofauti. Kwa leso linaona. Kisutu, ile ya harusi, nyekundu nyeusi nyeupe na vile vitone vyake vidogo vidogo, ndio iliyoharibika zaidi, nyekundu inavuja ikaingia kwenye nyeupe, vitone havina tena ncha. Mzee akavaa miwani akaitazama kisutu yake kwenye simu ya mwanawe, akasema "Hii si kisutu, hii imefuliwa." Na alikuwa na haki, mtu aliyeuza leso maisha yake yote anaona kitu ambacho mtambo hauoni. Basi tukakubaliana, kwenye orodha ambako picha ni ndogo WebP yatosha, ukifungua leso yenyewe inakuja picha ya AVIF, aina nyingine ya faili, ambayo yaweza kubeba rangi kamili ya kila pikseli, na ile kubwa kabisa ya kukuzia usome jina na utazame pindo haiji mpaka mtu aigonge. Asiyeitaka haimgharimu kitu.

Na lile la kuzifanya picha zingoje mpaka mtu ashuke, lazy loading wanaiita, ni jambo zuri lakini kuna mtego. Picha ya juu kabisa haifai kungojeshwa, hio ndio LCP yenyewe, ukiingojesha unajichelewesha kwa mkono wako. WordPress, mfumo wa kutengenezea websaiti, waliweka kungojesha picha tangu 2020, wakaja 2022 wakarekebisha ya kwanza isingojeshwe, na 2023 wakaongeza ya juu ipewe kipaumbele, lakini duka lilikuwa na plagini nyingine ya zamani inayozingojesha zote bila kuchagua, ikipindua yale mazuri yote. Nikaing'oa.

Slaida nayo, aa, slaida ilikuwa mjadala. Juu ya ukurasa kulikuwa na picha tano zinazopishana, Fort Jesus, bahari, leso, Fort Jesus tena. "Ami, hizi zamlia mteja muda," nikamwambia. "Mwanangu, hizi nimezilipia," akanijibu. Sikubishana nae, nilimuomba tu atazame wateja wangapi hukaa pale juu wakangoja picha ya tatu, na mwanawe ndiye aliyesema ukweli, hakuna, wote hushuka. Picha tukazihamishia ukurasa wa kueleza historia ya duka, ambako zaleta maana, na juu pakabaki leso moja, ile mpya ya msimu, na kisanduku cha kutafutia.

Popapu likaondoka siku ile ile. Google wenyewe tangu Januari 2017 walisema kurasa za simu zinazofunikwa na vitu kama hivyo mtu akitoka tu kwenye matokeo zaweza kushushwa, lakini hata wasingesema, yule shangazi alishasema. Kijisanduku cha kuchati pembeni nacho kikaenda, kilikuwa chavuta skripti nzito kutoka nje na hakuna mtu alikuwa anakijibu, na ukweli ni kwamba huku kwetu kila mtu yuko WhatsApp, linki ya WhatsApp ni linki tu, haina uzito wowote, na ukiigonga inafungua ikiwa ishaandikwa jina la leso unayoiulizia. Ramani ilikuwa imepachikwa hai kwenye kila ukurasa, sasa ni linki na maelezo ya mdomo, shuka Digo Road, ingia Biashara Street, mkono fulani. Fonti zilikuwa aina mbili na unene wa kila namna, ikabaki moja.

Nikaja kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi websaiti. Hapa sisi wa Mombasa twafaa tulielewe jambo hili kuliko wengine, nyaya za intaneti za chini ya bahari zatua hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, kabla ya hapo tulikuwa twategemea satelaiti. Na bado websaiti ya duka la Biashara Street ilikuwa imekaa kwenye seva Marekani, mteja wa Majengo akiifungua ombi lake lavuka bahari liende lirudi, na si mara moja, kuna kuunganisha, kuna kukubaliana usalama wa https, ndio ukurasa uanze kuja. Kadi za duka ndio zilizidisha, zilichapwa anwani ya zamani, ya zamani yampeleka mtu kwa mpya isiyo na https, hio yampeleka kwa yenye https, hio nayo kwa yenye www, kila hatua ni safari nzima ya kwenda na kurudi na mtu bado atazama kioo cheupe. Nikaifanya iruke mara moja tu.

Na seva sikuihamisha, haikuwa lazima. Ukurasa wa leso haubadiliki kila dakika, kwa hivyo nakala yake yaweza kuhifadhiwa karibu na mteja, Cloudflare wana kituo hapa Mombasa na kingine Nairobi, ndio kazi yao hio. Kwa nini nasisitiza? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, intaneti Afrika Mashariki nzima ikawa yakokota kwa siku kadhaa, na kitu ambacho nakala yake iko karibu hakilazimiki kupita huko. Kuweka nakala karibu ni spidi siku za kawaida, na siku nyaya zikikatika ni kubaki wazi.

Lakini sasa nifike kwa jambo lililoleta mabadiliko makubwa, na halikuwa spidi. Wauzaji wa spidi hawatakwambia, ila Google wenyewe wanasema wazi, ukurasa wenye majibu mazuri waweza kukaa juu hata ukiwa na upungufu kwenye vipimo, spidi inasaidia kurasa zinapokaribiana. Nikafungua Search Console ya duka nitazame watu wanaandika nini mpaka duka likatokea. Nilitegemea leso Mombasa, leso bei. Yalikuwepo. Lakini chini yake mmejaa majina ya leso! Watu wanaandika "japo sipati tamaa sikati", wanaandika "naogopa simba na meno yake", wengine wanaandika nusu wameisahau nusu. Mtu ameiona kwa jirani, ama mamake alikuwa nayo ikachakaa, ama kuna ujumbe ataka kumpelekea mtu bila kufungua mdomo, na leso tangu zamani ndio kazi yake hio, basi anaingia Google analitafuta jina. Na duka lilikuwa nayo leso hio, iko pale kwenye rafu, lakini kwenye websaiti imeandikwa "Leso 047" na picha yake inaitwa IMG na namba za kamera. Jina liko ndani ya picha tu, limechapwa kwenye kitambaa. Google inajitahidi kuelewa picha lakini ukitaka ikuelewe andika kwa maandishi, usiiachie ibahatishe.

Kwa hivyo tukakaa mimi na mwanawe na binti mmoja wa dukani, leso moja baada ya nyingine, twasoma jina twaliandika. Jina likawa ndio kichwa cha ukurasa, likawa ndio anwani, likawa maelezo ya picha, yale anayosomewa asiyeona na anayoyaona mtu picha ikikataa kufunguka. Chini tukaandika rangi za mji na za pindo, na pale mzee alipokuwa anajua tukaandika leso hio watu huinunua kwa jambo gani, ya kumpa mkwe, ya kumtuza aliyejifungua, ya ugomvi wa majirani. Hapo mzee aliamka, alikuwa asema tu sisi twaandika, maneno ambayo hakuna mtu mwingine kwenye intaneti anayo. Kisutu yenyewe kwa kawaida haina jina, hio ikapewa maelezo yake peke yake, na maelezo yale ndio yaliyokuwa marefu kuliko yote. Kazi ilichosha na hakuna programu ingeifanya, na kama ningechagua moja tu ya kumfanyia mzee ningechagua hii.

Spidi ilikuja kuwa na maana hapo hapo. Mtu amelitafuta jina, ametuona, amegonga, sasa ukurasa ufunguke haraka kabla hajarudi nyuma. Hivi viwili havitenganiki, maneno ndio yanayomleta mlangoni, na wepesi ndio unaomfanya aingie.

Bei nayo tulivutana. Biashara Street hakuna anayependa kuandika bei, jirani ataiona ashushe shilingi 50, na mteja hatapata raha yake ya kupatana. Naelewa, ni biashara yao, mimi siijui kama wao. Nilimwambia mzee kitu kimoja, mteja wa Mtwapa akiona "Uliza bei" mara tatu haulizi, anatoka. Tukaishia kuandika "kuanzia" kisha kiasi, na kwa za sare "bei ya jozi nyingi tuzungumze", kupatana kukabaki WhatsApp. Namba ya Till ikatolewa kwenye picha ikawekwa maandishi ya kunakiliwa, kabla ya hapo mtu alikuwa akariri namba huku akihama kwenda M-Pesa, akikosea moja pesa zishaenda kwengine.

Jambo jingine dogo la jua. Maandishi yalikuwa kijivu hafifu juu ya nyeupe, kwa kompyuta yapendeza. Toka nayo nje saa saba mchana utazame. Kuna kiwango cha kimataifa cha tofauti ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake, 4.5 kwa 1, kijivu kile hakikifikii, na hapa pwani mimi hupita juu ya kiwango hicho, natumia nyeusi ya kweli na herufi za pikseli 16 kwenda juu. Vitufe navyo vikubwa, na nafasi kati yake, manake kidole gumba cha mtu aliyeshika mkoba kwa mkono mwingine hakina shabaha.

Basi tukamaliza, ikaja kazi ngumu ya kungoja. Mzee kila baada ya Alasiri ananipigia, "Bado?" Namwambia Ami, Google yahesabu siku 28, ukirekebisha leo zile siku mbaya za nyuma bado zimo ndani ya hesabu, zatoka moja moja. Majina ya leso yalianza kuonekana mapema, kwanza yale ambayo hakuna mwengine ameyaandika, duka likawa la juu kwa hayo. Maneno makubwa kama leso Mombasa yalikwenda polepole na mpaka sasa hatuko wa kwanza, kuna wakubwa wenye miaka yao. Wateja walivyoongezeka ndio data za watu zikaanza kutosha, tukaiona LCP na CLS kwa kijani kwa mara ya kwanza, za watu wa kweli, si za mtambo.

Wakati huo huo akaja kijana mwengine dukani, akamwambia mzee atampa 100 kwa 100 na ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya wiki, alipe kabla. Mzee akanipigia nikaenda. Nikamuomba huyo kijana atuonyeshe websaiti aliyoifanya, nikaipima, kweli 100, nikaifungua kwa simu ya yule binti wa dukani, menyu haifunguki ukiigonga. Namba ya mtambo yaweza kuchezewa, kuna plagini zazuia skripti zote zisifanye kazi mpaka mtu aguse kioo, mtambo haugusi kwa hivyo waona kila kitu chepesi, mtu anagusa na ndio mizigo yote yaanza kushuka kwa pamoja. Akikupa namba muombe simu.

Kilichobaki ni INP, na hio bado yanitoa jasho. Kwenye ukurasa wa leso zote kuna kuchuja kwa rangi, ukichagua nyekundu zibaki nyekundu, na kwenye laptopu ni papo hapo, kwenye itel ya binti wa dukani kioo chaganda kwanza. Sababu ni kwamba JavaScript, ile programu ya ukurasa inayoendeshwa na simu yenyewe, yazipitia leso zote na kuupanga upya ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja, na prosesa ya simu ile haina nguvu hio. Niliiunganisha simu yake na laptopu kwa waya wa USB nikaitazama Chrome yake kutoka upande wangu, milisekunde zinavyoliwa zaonekana moja moja, na nyingi hazikuwa kwenye kuchuja, zilikuwa kwenye kuchora vivuli na mipito ya madoido ambayo hakuna mteja ameiomba. Vivuli nishavitoa. Sasa nageuza kila rangi iwe ukurasa wake kamili, leso nyekundu na anwani yake, nyeusi na yake, kuchuja kuwe ni kufungua linki tu, simu isifanye hesabu yoyote, na anayetafuta leso nyekundu Google apate ukurasa wake moja kwa moja. Mzee ataka iwe tayari kabla ya msimu wa Idi, na mwanawe ashaanza kunitumia picha mpya, zote zimeshapunguzwa saizi, na jina la leso limeandikwa kwenye kila faili.